Insulini bila stripu ni nusu ya dawa: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya na elimu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya afya, ya elimu, na ya tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Waheshimiwa,

Mimi ni mtunza ghala katika kampuni ya vipuri hapa Dar es Salaam. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kupokea vitu, kuvihesabu, kuvitoa na kuandika kilichobaki. Nawaandikia kama mzazi, lakini naomba mniwie radhi iwapo barua hii itakuwa na hesabu nyingi, kwa sababu tangu Novemba mwaka jana, binti yetu wa miaka minane alipogundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, nyumba yetu ya Temeke imegeuka ghala la pili, na humo kila kinachopungua kina jina la mtoto wetu.

Aliyekuwa wa kwanza kuona jambo ni mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye. Mtoto alikuwa ameanza kuamka usiku mara nne, mara tano, na kwa kuwa choo chetu kiko nje, mara nyingine alishindwa kufika akajisaidia pembeni ya ukuta. Asubuhi moja mama aliniita akanionyesha sisimizi waliopanga foleni mahali pale, akaniuliza, "Baba, mkojo wa huyu mtoto una nini?" Nilicheka nikaenda kazini. Mtoto alikuwa akinywa maji kama mtu aliyetoka safari ya jua kali, amekonda hadi sketi ya shule inafungwa kwa pini, na tukasema anakua, anarefuka.

Tulipompeleka zahanati alikuwa na uchovu na maumivu ya tumbo. Alipimwa malaria, majibu yakawa hasi, tukapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo kwa sababu tulieleza kuwa anakojoa mara kwa mara. Siku tano baadaye alikuwa anatapika na kuhema kwa kasi, na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kituo cha pili kilishuku nimonia, na mtoto alikuwa tayari ametundikiwa dripu pale muuguzi mmoja kijana aliyepita na shughuli zake alipoinama, akanusa, akamuuliza mke wangu kwa upole, "Mama, mtoto huyu amewahi kupimwa sukari?" Alitoboa kidole. Mashine haikuandika namba yoyote; iliandika herufi mbili tu, HI. Mke wangu, ambaye hakuwa amelala kwa siku mbili, alidhani mashine inasalimia. Muuguzi ndiye aliyetueleza kuwa herufi zile maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma, ambacho kwa mashine nyingi ni milimoli 33.3 kwa lita. Kwa mtu mwenye dalili kama zake, 11.1 tu inatosha kumwita mgonjwa wa kisukari.

Siandiki haya kumshitaki mtu. Vituo vile viwili sivitaji, na hata kama ningevitaja nisingekuwa nimesema lolote jipya, kwa sababu mzazi yeyote utakayekaa naye kwenye benchi la kliniki ya watoto wenye kisukari ana hadithi inayofanana na hii, ikitofautiana tu jina la ugonjwa waliopewa kwanza: malaria, taifodi, minyoo, nimonia. Ninachotaka kukionyesha ni kidogo zaidi ya hapo. Pale zahanati kidole cha binti yangu kilitobolewa. Damu ilitoka. Tone moja likawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na lile ambalo lingefuata likafutwa na pamba. Ugonjwa wake ulikuwa ndani ya ile pamba.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa ya kukifikisha kipimo cha malaria hadi zahanati za vijijini, na leo ni jambo la kawaida kwa mtoto mwenye homa kutobolewa kidole kabla ya kupewa dawa. Njia ya kupitisha vipimo hivyo kutoka Bohari ya Dawa hadi kwa muuguzi ipo tayari. Naomba, kwa heshima, mashine ya sukari na stripu zake, yaani vijiti vidogo vya kuwekea tone la damu ambavyo kila kimoja hutumika mara moja tu, zipite njia hiyo hiyo, na mwongozo utamke wazi kwamba mtoto anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa mara kwa mara, aliyekonda ghafla, au aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla tone la pili halijasomwa.

Mtoto alipona hatari ile baada ya siku tisa wodini. Hapo ndipo sisi tulipoanza kujifunza. Kwa wasioufahamu ugonjwa huu, na sisi wenyewe hatukuufahamu, hautokani na kula sukari. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, na kuziharibu, na zikishaharibika mtoto hawezi kuishi bila kudungwa insulini kila siku. Hakuna mlonge wala mwarobaini unaoweza kuziba pengo hilo, ingawa tuliletewa vyote viwili na ndugu waliokuja kwa mapenzi. Mama yangu alilia kwa siku kadhaa akijilaumu kwa kashata alizokuwa akimnunulia mjukuu wake jioni, na ilibidi daktari mwenyewe amweleze, kwa Kiswahili cha taratibu na kwa heshima ya mtu mzima, kwamba kashata hazikuhusika. Mimi na mke wangu tulifundishwa kuchoma sindano kwa kutumia chungwa. Tulifundishwa kubadilisha mahali pa kuchoma, leo paja la kulia, kesho la kushoto, kisha tumbo, ili nyama isifanye uvimbe. Tulifundishwa kupima ugali kwa ngumi ya mtoto na wali kwa kikombe kimoja kisichobadilika. Kaka yake wa miaka kumi na mbili, ambaye hakuulizwa lolote, alijikuta anakula kama mgonjwa, na wiki ya tatu alimwaga chozi juu ya sahani ya mchicha.

Sasa naomba niingie kwenye hesabu zenyewe.

Binti yetu hudungwa insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, jumla yuniti 20. Chupa moja ina yuniti 1,000. Tuliagizwa kliniki kwamba chupa ikishafunguliwa isitumike kupita wiki nne, kwa hiyo kwa siku 28 tunatumia yuniti 560, na 440 zinazobaki zinatupwa. Silalamiki kuhusu hilo, maana ndivyo dawa ilivyo. Insulini hatujawahi kuikosa, na kwa hilo naishukuru serikali, Chama cha Kisukari Tanzania na wafadhili wanaowezesha watoto wetu kuipata bila malipo.

Stripu ni habari nyingine. Daktari ametuagiza kupima mara nne kwa siku: kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Nne kwa siku ni 120 kwa mwezi na 1,460 kwa mwaka, bila kuhesabu siku za homa, siku za michezo shuleni na usiku wa wasiwasi. Kliniki hutupatia kopo moja la stripu 50 kwa mwezi, pale zinapokuwepo. Zilizobaki 70 tunanunua duka la dawa, na mshahara wa mtunza ghala hauzimalizi. Kwa hiyo kila mwezi, katika nyumba ile ile, tunatupa karibu nusu ya chupa ya insulini na tunaishiwa stripu. Mtu yeyote aliyewahi kushika kitabu cha stoo ataona kwamba hapo hakuna upungufu wa dawa. Kuna vitu viwili vinavyotumika pamoja lakini vimeagizwa kana kwamba havijuani. Ghalani kwetu hatumtolei fundi boliti bila nati, hata kama karatasi yake imeandikwa boliti peke yake. Tunampigia simu kumuuliza.

Pengine mtu atasema kwamba zamani wagonjwa waliishi bila kupima kila wakati, kwa kuangalia dalili. Naomba nimweleze usiku mmoja wa Februari.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Wote tunaoishi Dar es Salaam tunajua Februari bila feni ilivyo. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyekuwa mkavu. Saa tisa usiku mke wangu aliniamsha akasema mtoto ameloa jasho. Nikamwambia sote tumeloa. Akasema anatetemeka kidogo. Nikamgusa, sikuwa na hakika. Dalili ya kwanza tuliyofundishwa ya sukari kushuka ni kijasho, na katika mji huu, katika mwezi huo, kijasho hakimwambii mzazi chochote. Kama sukari yake imeshuka, kumwacha alale ni kumwacha azimie. Kama imepanda, kumpa sukari ni kumwongezea ugonjwa. Kopo lilikuwa na stripu mbili, na kliniki ilikuwa baada ya siku sita. Waheshimiwa, mimi na mke wangu tulisimama gizani tukabishana kwa kunong'ona juu ya stripu moja. Mimi ndiye niliyesema tuiweke akiba. Nilikuwa nafikiria siku sita zilizobaki, kama ninavyofundishwa kazini kufikiria akiba ya chini. Yeye hakunijibu, aliwasha tochi ya simu, akatoboa kidole.

Ilisoma 2.6. Kiwango kinachotakiwa kutushtua ni chini ya 3.9. Tulimwinua tukamnywesha vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, tukangoja dakika kumi na tano, na kwa kuwa tuliagizwa kupima tena baada ya dakika kumi na tano, tukatumia na ile ya mwisho. Ilisoma 4.4. Siku sita zilizofuata tulimdunga insulini asubuhi na jioni bila kujua tunamdunga juu ya nini.

Mwezi wa Machi liliongezeka jambo ambalo kwangu mimi, kwa kazi yangu, lilikuwa gumu kulivumilia kuliko hata uhaba wenyewe. Tulifika kliniki, stripu zilikuwepo, tukapewa, tukarudi nyumbani, hazikuingia kwenye mashine. Stripu ya mashine ya aina moja haisomeki kwenye mashine ya aina nyingine, na shehena ile ilikuwa ya mashine tofauti na tuliyopewa Novemba. Muuguzi hakuwa na kosa. Alitoa kilichokuwepo rafuni. Kosa liko mahali fulani juu zaidi, pale ambapo mtu aliagiza au alipokea msaada bila kuuliza mashine zilizoko mikononi mwa wagonjwa ni za aina gani. Naomba nchi ichague aina moja au mbili za mashine kwa watoto wote wanaohudumiwa na vituo vya umma, na zabuni ya stripu ifungwe kwenye hizo kwa miaka kadhaa. Wanaofanya kazi ya vipuri wanajua gharama ya kuwa na magari ya aina kumi katika karakana moja.

Kuhusu kuhifadhi insulini sitasema mengi. Hatuna friji. Tulianza na mtungi uliozungukwa na mchanga wenye maji kama tulivyofundishwa, unaosaidia, ingawa hewa ya pwani yenye unyevu haiupi nafasi ya kupoa sawasawa. Tukahamia kwa jirani anayeuza barafu za watoto, naye kwa wema wake akaiweka ndani kabisa ili isiguswe, ikaganda, na insulini iliyoganda haifai tena. Sasa inakaa kwenye friji ya soda ya dukani, rafu ya chini, na mwenye duka hataki hata asante.

Shuleni ndiko mtoto anakopitisha saa nyingi za mchana, na ndiko ambako hakuna karatasi hata moja inayotulinda iliyowahi kuonyeshwa kwangu, kwa mwalimu wake au kwa mwalimu mkuu, ingawa wote watatu tuliitafuta. Sindano ya saa kumi na mbili asubuhi ina sehemu inayofanya kazi polepole, na nguvu zake huwa kubwa kuanzia saa nne hadi mchana. Akiwa hajala kwa wakati, au akiwa amekimbia, sukari inashuka akiwa dawatini. Kwa sababu hiyo tulimwekea kwenye begi juisi ndogo ya pakiti. Juma la kwanza juisi ilichukuliwa kwa kuwa kula darasani ni kosa. Juma la pili alichelewa kwa ajili ya kliniki, akapewa adhabu pamoja na wachelewaji wengine kuzunguka uwanja mara tano, akaanguka kwenye mzunguko wa nne. Watoto walipoona mashine na kidole chenye damu, minong'ono ikaanza kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza, na kwa mwezi mzima alikaa dawati la peke yake.

Ni lazima niseme, kwa haki, kwamba mwalimu wake wa darasa sasa ni mlinzi wake wa kwanza. Alikuja nyumbani Jumamosi moja, akaketi mkekani na mke wangu, akajifunza kupima na kusoma namba, na Jumatatu aliligeuza kuwa somo la sayansi darasani, hadi watoto wakawa wanapigana nani ashike saa ya dakika kumi na tano. Lakini mwalimu huyo anaweza kuhamishwa kesho, na wema wake hauhamishwi na faili la mwanafunzi. Mke wangu ameacha genge lake la mboga ili awe karibu na shule saa za mchana, na hilo ni pengo jingine kwenye hesabu zetu.

Elimu yetu inaendeshwa kwa nyaraka, na walimu huziheshimu. Naomba waraka mmoja, usiozidi kurasa mbili, unaosema kwamba mwanafunzi mwenye kisukari anaruhusiwa kubeba mashine, stripu, sindano na kitu chenye sukari. Anaruhusiwa kula, kunywa na kwenda chooni anapohitaji bila kuomba mara mbili. Hapewi adhabu ya kukimbia wala kuzuiwa kula. Na kwamba katika kila shule yenye mtoto kama huyo walimu wawili, si mmoja, wafundishwe kwa siku moja namna ya kumhudumia sukari ikishuka. Waraka huo uwafikie pia wanaosimamia mitihani. Mwakani binti yetu atakuwa kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na sijui nitamwambiaje msimamizi asiyemfahamu kwamba kile kidubwasha chenye kioo kilicho mezani kwake si simu.

Najua mtaniambia bajeti. Sibishani na bajeti, nimeishi nayo. Ila Agosti 2022, mjini Lome, nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliridhia mkakati wa PEN-Plus, unaotaka huduma za magonjwa sugu kama kisukari cha aina ya kwanza, selimundu na magonjwa ya moyo ya watoto zifike hospitali za ngazi ya wilaya, na Aprili 2024 mkutano wa kimataifa kuhusu mkakati huo ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam. Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Makabati ya kuweka hoja yangu, kwa maneno mengine, yamekwisha kuchongwa. Ninachoomba ni kwamba pale kitita cha matibabu ya mtoto mwenye kisukari kinapoandikwa, stripu 120 kwa mwezi ziandikwe kwenye mstari mmoja na insulini, si kwenye mstari wa vifaa vya ziada, na mfamasia asifunge hesabu ya mwezi kama moja limetoka na jingine halikutoka.

Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922. Mwaka uliofuata wagunduzi waliikabidhi hati miliki kwa chuo kikuu chao kwa dola moja kila mmoja. Nilipomsimulia binti yangu, hakuuliza habari za dola. Aliuliza huyo kaka alijuaje sukari yake imeshuka usiku.

Leo ni tarehe 12 Mei. Nimehesabu kabla ya kukaa kuandika: kopo lina stripu 31, na kliniki ni baada ya siku 19.

Wenu mtiifu,

Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu,
Temeke, Dar es Salaam